Chupa yenye picha ya farasi

SEHEMU YA 1

Zamu imeisha, nimekula, watoto wangu wamelala, sasa tukae kidogo. Hii ni ndefu, nimeigawa vipande. Soma ukiwa unanyonyesha, ukichoka utamalizia kesho.

Miezi michache iliyopita alikuja bibi mmoja kutoka huko Mgeta, kashuka na gari la mboga alfajiri, mjukuu mgongoni. Mama wa mtoto anafanya kazi Dar. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Tukamlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia. Umri mwaka mmoja na miezi minane, wa kiume, urefu sentimita 76. Kwa umri ule wastani wa mvulana ni kama 84, na akiwa chini ya 78 hivi tunasema amedumaa. Mchangamfu, anacheka, ila mfupi.

Kabla sijafungua mdomo, bibi akatoa kitu kwenye kikapu, kimefungwa kwa kitambaa. Chupa ndogo ya matone. Imeandikwa kuwa ndani yake kuna homoni ya ukuaji. Aliyemuuzia alimwambia matone matano asubuhi kwa mtoto, arefuke. Na matone kumi usiku kwa bibi mwenyewe, magoti yapone, makunyanzi yapungue, nguvu za usichana zirudi. Chupa moja, kazi mbili! Na mbele ya chupa kuna picha ya farasi anakimbia, manyoya ya shingo yanapepea.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii ni dawa au nimeliwa?"

Hela ilikuwa ya kabichi za mwezi mzima. Sikutaka kumjibu kwa neno moja, maana swali lake lina historia ndefu, na farasi kweli wamo. Nilimweleza kidogo pale pale, mengine nikaenda kuyasoma tena vizuri. Ndiyo haya.

SEHEMU YA 2: Farasi ambao hawakufika Morogoro

Kwanza niulize: wewe uliyezaliwa Morogoro, farasi umemwona wapi? Punda umewaona, ng'ombe kibao, mbuzi wa maziwa wa Mgeta unawajua. Farasi wengi wetu tumemwona kwenye picha, au Dar kwenye kile kikosi cha polisi cha farasi. Farasi mzee ndiyo kabisa.

Machi 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Alikuwa na wapagazi wengi, punda 27, na farasi wawili wazuri. Mmoja wa kijivu, wa Kiarabu, zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwingine mwekundu, aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, zawadi ya mfanyabiashara Mmarekani wa Unguja. Njia yake ilipita huku kwetu, hadi Simbamwene, mji wa Kisabengo wenye ukuta wa mawe na minara kwenye kona, chini ya milima ya Uluguru. Wakati huo aliyetawala ni binti yake Kisabengo, mwanamke. (Hilo nalo niliandikie siku yake, wanawake wa Morogoro tuna historia.)

Farasi hawakuuona mji huo. Walipofika kijiji cha Kingaru, bado siku kadhaa kabla ya Simbamwene, yule wa Sultani akafa. Stanley akampasua tumbo aone sababu. Akakuta minyoo mifupi minene imeng'ang'ania ukuta wa tumbo kama ruba, na utumbo umejaa mingine mirefu. Baada ya saa chache tu, yule wa pili naye akafa.

Stanley akamzika farasi wa kwanza. Basi mzee wa kijiji akaja na madai: umefukia mnyama katika ardhi yangu bila ruhusa, nipe doti mbili za Merikani. Wakabishana. Stanley akasema sawa, kama ardhi ni yako basi namfukua nimwache juu hapo hapo alipokuwa. Mzee kufikiria harufu itakayofuata, akaona bora yaishe.

Bibi yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mzee yule alikosea, angedai kwanza kabla hawajafukia.

Sababu ya farasi kutokuzeeka kwetu tunaijua leo. Kuna mbung'o wanaoeneza nagana, kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, vijidudu vidogo hivi vinavyouma usiku. Farasi akifika pwani akiwa kijana anakufa kijana. Kwa hiyo suala la farasi mzee na homoni zake lilichunguzwa nchi za mbali, kwenye baridi, ambako farasi anafika miaka 25 au 30. Kuna mmoja Uingereza aliyeitwa Old Billy, alikuwa akivuta mashua za mfereji, alikufa mwaka 1822 akiwa na miaka 62. Ndiye anayeshikilia rekodi hadi leo.

SEHEMU YA 3: Farasi wazee wa New Jersey

Homoni ya ukuaji inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, inaitwa pituitari. Kwa binadamu ina ukubwa wa mbegu ya kunde tu. Inamwaga homoni kwa mafungu, na fungu kubwa hutoka mtoto akiwa usingizi mzito. Homoni ikifika kwenye ini, ini linatengeneza kemikali nyingine, IGF-1, na hiyo ndiyo inayoenda kwenye mifupa na misuli kuiambia jengeni. Kumbuka hapo kwenye ini. Tutarudi.

Farasi naye ni hivyo hivyo. Mtoto wa farasi anakua kwa kasi ya ajabu, na IGF-1 katika damu yake iko juu sana. Akishakomaa inashuka. Akizeeka inashuka zaidi, misuli ya mgongo inapungua, tumbo linalegea. Ukiangalia hivyo, mtu anaweza kusema: kumbe uzee ni upungufu wa homoni, tumrudishie. Ni wazo la kawaida kabisa, hata mimi chuoni ningeliwaza.

Miaka ya 1990 walilijaribu. Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, Marekani, watafiti Karyn Malinowski na Kenneth McKeever na wenzao walichukua farasi majike wazee, wengine wamepita miaka 20, wakawadunga homoni ya ukuaji ya farasi iliyotengenezwa maabara. Wakawapima. Miili ya wale majike ilianza kushikilia naitrojeni zaidi, dalili kwamba protini inabaki mwilini badala ya kupotea. Kwa macho na kwa damu, kama ujana unarudi vile.

Kisha wakawakimbiza kwenye mashine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha uwezo wa kukimbia na kutumia hewa haukubadilika. Namba kwenye damu zilipanda, farasi mwenyewe alibaki na mbio za bibi kizee.

Na kuna jambo la pili kuhusu farasi wazee ambalo wauza chupa hawalisemi. Tezi hiyo hiyo ya pituitari, kwa farasi wengi waliopita miaka 15, sehemu yake ya katikati huvimba na kuanza kumwaga homoni nyingine kupita kiasi. Farasi anaota manyoya marefu ya kujikunja ambayo hayapukutiki hata joto likija, anakunywa maji sana, misuli inaisha, kwato zinauma. Kwa hiyo uzee wa tezi si bomba linalokauka tu. Upande mmoja unapungua, upande mwingine unafurika. Kumwaga homoni moja juu yake si sawa na kujaza maji kwenye ndoo.

SEHEMU YA 4: Ilikotoka homoni ya watu

Hapa kaa vizuri mama, maana pana maumivu ya wazazi.

Madaktari walijaribu zamani kuwapa watoto wafupi homoni ya ng'ombe na ya nguruwe. Haikufanya kazi. Insulini ya nguruwe ilimsaidia binadamu, lakini homoni ya ukuaji ni tofauti. Ya binadamu inafanana na ya nyani, na mwili wetu hausikii ya mnyama wa kwato. Farasi wa kwenye chupa, hata kama ni kweli mmemkamua homoni yake yote, mtoto wa Mgeta hawezi kuitumia. Na hata ingekuwa ya binadamu, ni protini. Ukiiweka mdomoni tumbo linaisaga kama yai. Ndiyo maana ya kweli ni sindano. Matone ya mdomoni ya homoni ya ukuaji hayawezi kufanya kazi, basi.

Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alitangaza kwamba kijana wa miaka 17 aliyekuwa mfupi sana alirefuka baada ya kudungwa homoni iliyotolewa kwenye pituitari za maiti. Ndiyo, maiti. Hakukuwa na njia nyingine. Kwa miaka zaidi ya 25, Marekani, Uingereza, Ufaransa na kwingine, tezi zilikusanywa vyumba vya maiti, nyingi kwa pamoja, zikachujwa, watoto wakadungwa. Watoto ambao kweli tezi zao zilikuwa hazifanyi kazi walirefuka. Wazazi walishukuru.

Mwaka 1985 ikagundulika vijana waliodungwa utotoni wanakufa kwa ugonjwa wa ubongo, ule wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huwa wa wazee na ni wa nadra mno. Anaanza kuyumba, anasahau, anaondoka. Uambukizi ulitoka kwenye baadhi ya zile tezi, ukalala mwilini miaka mingi. Homoni ya maiti ikasimamishwa. Ufaransa peke yake walikufa zaidi ya 100. Mwaka huo huo ikaruhusiwa homoni ya maabara inayotengenezwa kwa bakteria, na hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo kwa mtoto aliyepimwa na daktari bingwa akaonekana kweli anaihitaji. Hao wapo, ni wachache, na kwao ni dawa halali kabisa. Sitaki mtu atoke hapa anasema nesi kakataza.

Nikisoma hii huwa nawafikiria wale mama. Hawakufanya kosa lolote, waliambiwa na madaktari wao. Wewe unaenunua chupa kwa mtu wa stendi unaamini nani?

SEHEMU YA 5: Wazee kumi na wawili

Homoni ya maabara ilipopatikana kwa wingi, haikuchukua muda. Tarehe 5 Julai 1990 daktari Daniel Rudman wa Milwaukee alichapisha utafiti. Wanaume 12, umri miaka 61 hadi 81, walidungwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Mwili bila mafuta uliongezeka asilimia 8.8, mafuta yakapungua asilimia 14.4. Makala ikalinganisha mabadiliko hayo na yale ambayo uzee huyaleta kwa miaka 10 hadi 20, ila kwa upande wa kurudi.

Watu 12 tu. Lakini hiyo ndiyo mbegu ya matangazo yote unayoyaona mpaka leo, ikiwemo ya kwenye simu yako. Ilifika mahali mwaka 2003 jarida lenyewe lililochapisha utafiti likalalamika kwamba wauzaji wanautumia vibaya.

Waliofuata kupima wazee wengi zaidi waliona kile walichokiona Rutgers kwa farasi: misuli kwenye vipimo inaongezeka kidogo, nguvu na uwezo wa kupanda ngazi haviongezeki kama ilivyotangazwa. Na madhara yapo: viungo kuvimba na kuuma, mikono kufa ganzi, sukari kupanda. Bibi yangu ana magoti mabovu tayari, fikiria umuongezee hayo.

Sasa kuna upande wa panya, na Morogoro tukisema panya tunajua tunachosema. Pale SUA kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa hapa hapa mwaka 2013, alikwenda Kambodia akafanya kazi, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020, akastaafu, akafa Januari 2022 ana miaka minane. Kwa panya huo ni uzee wa heshima.

Wa maabara ni wadogo, huishi miaka miwili hadi mitatu. Mwaka 1996 kundi la Andrzej Bartke huko Marekani lilionyesha kwamba panya wa kabila moja fupi, ambao pituitari yao haitoi homoni ya ukuaji, wanaishi zaidi ya mwaka mmoja kuliko ndugu zao wa kawaida. Baadaye panya mwingine wa Bartke, ambaye mwili wake haukuwa na mlango wa kupokea homoni hiyo, alifikia karibu miaka mitano. Umeelewa? Asiye na homoni ndiye aliyezeeka pole pole.

Kwa watu pia kuna kidokezo. Kusini mwa Ecuador, mkoa wa Loja, kuna familia zenye ufupi wa kurithi kwa sababu miili yao haiipokei homoni ya ukuaji. Daktari Jaime Guevara-Aguirre aliwafuatilia kama 100 kwa miaka 22, na mwaka 2011 akatoa taarifa: kisukari hakuna, saratani ni mmoja tu na hakumuua. Hawaishi miaka mingi kuliko ndugu zao, maana ajali na pombe zipo kule pia. Lakini hakuna anayeweza kuangalia hayo akasema homoni nyingi ndiyo ujana. Mimi binafsi nadhani mwili unapoipunguza ukubwani una sababu zake. Kazi ya kujenga imeisha, fundi anapunguziwa saa.

SEHEMU YA 6: Kampala, na jibu la yule mtoto

Sasa bibi ananiuliza: sawa, mimi nimekwishazeeka, yangu yameisha. Mtoto je? Si ni mfupi kwa sababu homoni haimtoshi?

Swali zuri kuliko yote, na limejibiwa hapa hapa Afrika. Miaka ya 1960 daktari Bernard Pimstone na wenzake Cape Town walipima damu ya watoto wenye kwashiakoo. Wengi wangetarajia homoni ya ukuaji iwe chini. Waliikuta juu! Walipowalisha protini, ikashuka. Kampala, pale Mulago, kulikuwa na kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto, na mwaka 1973 Peter Lunn, Roger Whitehead na wenzao walichapisha kipimo cha watoto wa Uganda: kadiri mtoto anavyosogea kwenye kwashiakoo, ndivyo homoni ya ukuaji inavyopanda.

Rudi kwenye ini. Tezi inapiga kelele jengeni, jengeni. Ini halina vifaa, halina protini, halitengenezi ile IGF-1. Mfupa haupati ujumbe. Ni kama msimamizi anayepiga mluzi kwenye ujenzi ambao hakuna tofali wala simenti. Ukimuongezea mtoto wa namna hiyo homoni, hata ya kweli, umeongeza mluzi.

Pale pale Mulago mwaka 1965 kilianzishwa kituo cha Mwanamugimu, maana yake mtoto mwenye afya. Mama analazwa na mtoto wake, anafundishwa kupika kitobero: chakula kikuu pamoja na maharage au karanga au samaki na mboga, vinafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Hakuna kitu humo ambacho hakipo sokoni kwetu.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, kunakolima chakula cha nchi. Milima yetu nayo inateremsha kabichi, karoti, ndizi, maharage kila alfajiri. Chakula kinapita mlangoni kwa mtoto kinaenda Dar.

Nikamuuliza bibi mtoto anakula nini. Uji wa sembe asubuhi, mwepesi ili anywe kwa kikombe. Mchana ugali na mchuzi wa mboga. Usiku uji tena. Maharage? Anapewa mchuzi wake. Mbuzi wa maziwa? Wapo wawili, maziwa yanauzwa. Dawa ya minyoo? Kampeni ya mwisho walikuwa shamba.

Nikamwambia, bibi, unamkumbuka yule farasi wa Sultani alikutwa na nini tumboni? Akakaa kimya, halafu akasema, "Minyoo." Tukampa mtoto dawa ya minyoo na vitamini A siku ile ile. Tukampima damu, upungufu kidogo. Tukakubaliana: uji mzito unaokaa kwenye kijiko, wenye karanga zilizosagwa. Maharage yenyewe yapondwe, siyo mchuzi. Kikombe kimoja cha maziwa ya mbuzi, yachemshwe, kisiuzwe. Dagaa wasagwe unga, kijiko kwenye chakula. Yai akipata. Mara tano kwa siku kidogo kidogo, na alale mapema, si mnakumbuka fungu kubwa linatoka usiku?

Na wewe unayesoma, mtoto wako akishapita miaka minne akawa anaongezeka chini ya sentimita tano hivi kwa mwaka, au mstari wake kwenye kadi ulikuwa unapanda na sasa umelala, anakula vizuri na haumwi, mlete. Huyo ndiye wa kupimwa tezi. Usisubiri, na usipite kwanza kwa mtu wa chupa.

Jumanne iliyopita bibi alirudi. Miezi mitatu imepita. Tukamlaza kijana kwenye ubao, safari hii analia na kurusha miguu ana nguvu, nikasaidiwa kumshika magoti. Sentimita 79 na nusu. Bado yuko chini ya mstari, nilimwonyesha bibi kwenye kadi sikumficha. Ila mstari wenyewe umeanza kuinama kuelekea juu.

Nikamuuliza chupa iko wapi. Ameitia mafuta ya taa, anatumia kuwashia jiko. Picha ya farasi kaibandua mjukuu, kaibandika ukutani.